Mpingo Haupakwi Kiwi: Karate na Utamaduni wa Taifa

Utangulizi

Kila linapozuka suala la utamaduni wa taifa, huzuka pia watu wa aina mbili ambao, ingawa hawapatani, huharibu kazi ile ile. Wa kwanza ni wale wanaodhani kwamba utamaduni ni ua, na kwamba kazi ya mzalendo ni kusimama mlangoni na kukiuliza kila kinachoingia kimetoka wapi. Wa pili ni wale wanaodhani kwamba utamaduni ni soko, na kwamba kila kinachoingia ni halali maadamu kina mnunuzi. Katika makala haya tunakusudia kuwajibu wote wawili, na mfano tutakaoutumia ni mmoja ambao huenda msomaji hakuutarajia katika kitabu cha namna hii: karate, kama inavyofundishwa kwa vijana katika Mwenge na vitongoji vingine vya Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke.

Dai letu ni hili. Karate ya jadi, pamoja na mikao yake, salamu zake na taratibu zake za ukumbini, inaweza kuwa sehemu halali ya malezi ya vijana wetu. Lakini ni halali kwa masharti mawili: iingie na nidhamu yake nzima, na ikae humu nchini kwa lugha yetu. Anayetaka kuifukuza kwa sababu ni ya kigeni anakosea. Anayeiuza rejareja, mkanda mmoja mmoja, anakosea zaidi, kwa maana yule wa kwanza anamnyima kijana kitu chema, lakini huyu wa pili anampa kijana uongo.

Ushahidi wa Mwenge

Hatukuchagua Mwenge kwa sababu ya ujirani tu. Mwenge ni mahali panapojulikana kwa vinyago vya Kimakonde, na habari ya vinyago hivyo ni jibu tosha kwa wale wanaolinda ua.

Mgeni akifika hapo huambiwa kwamba vinyago anavyoviona ni sanaa ya Tanzania, na ni kweli. Lakini jinsi gani imekuwa kweli? Wachongaji wengi waliojenga sifa ya sanaa hiyo mjini Dar es Salaam walitoka, wao au wazazi wao, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nyanda za juu za Mueda nchini Msumbiji. Walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine walikimbia kazi za shuruti za Wareno. Tena mitindo inayosifiwa zaidi haikutoka kwa mababu wa kale. Mtindo wa shetani ulianza katika miaka ya 1950 na huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Mtindo wa mti wa uhai, ambao baadaye uliitwa ujamaa, kwa watu waliobebana bega kwa bega kutoka chini hadi juu ya gogo moja, huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Basi sanaa tunayoionyesha duniani kuwa yetu ililetwa na wahamiaji, ikapata sura mpya katika ardhi yetu, ikabatizwa jina la siasa yetu. Hakuna aliyesema irudishwe Mueda.

Tuendelee mbele kidogo. Mpira wa miguu uliletwa na Waingereza, nasi leo tunagawanyika nyumba kwa nyumba kwa ajili ya Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936. Taarabu ilipata nguvu Unguja katika enzi ya Sultani Barghash kwa ala na mafunzo yaliyotoka Misri. Hata meza tunayoandikia na kitabu hiki tunachokisoma vimebeba majina yaliyopanda jahazi kuja pwani. Hapo mlinda ua hana la kusema. Hupata kauli pale tu kijana wa Mwenge anapovaa vazi jeupe, akavua viatu vyake na kumwinamia mwalimu wake. Hapo ndipo anapopaza sauti kwamba tumekuwa watumwa wa Wajapani.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipoliambia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 kwamba anaunda wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa, alililaumu kwa ukali lile taifa ambalo limesahau mila zake. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alilikemea vilevile taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Wako wanaoikumbuka nusu ya kwanza ya hotuba hiyo na kuisahau ya pili. Utamaduni wa taifa haukukusudiwa kuwa kama zile nyumba za Kijiji cha Makumbusho, pale jirani na Mwenge, ambazo ni nzuri na zinafaa kutazamwa, lakini hakuna mtu anayelala ndani yake.

Karate ni ya nani?

Wale wanaosema kwamba karate ni mila ya Wajapani wangefanya vema kusoma kwanza historia yake. Karate ilikulia Okinawa, kisiwa kikubwa katika visiwa vya Ryukyu, ambavyo vilikuwa na ufalme wao na biashara yao. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na watawala wa Satsuma kutoka Japani, na mwaka 1879 ulifutwa kabisa na nchi ikafanywa mkoa wa Japani. Watu wa Okinawa walikuwa wamejifunza mengi kutoka China. Mmoja wao, Kanryo Higaonna, alisafiri hadi Fuzhou, akakaa huko akijifunza, kisha akarudi kufundisha katika mji wa Naha. Mwanafunzi wake, Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1953, ndiye aliyeuita mtindo wake Goju-ryu, yaani mtindo wa ugumu na ulaini.

Kwa miaka mingi jina la sanaa hiyo liliandikwa kwa maana ya mkono wa China. Katika miaka ya 1930, Japani ilipokuwa ikijitanua kwa silaha katika ardhi ya China, jina hilo lilikuwa chungu masikioni mwa wakubwa. Mwaka 1936 mabingwa wa Okinawa walikutana Naha wakakubaliana kuandika jina hilo kwa maana ya mkono mtupu. Na lile vazi jeupe na mikanda ya rangi, ambavyo wengi huamini ni vya kale kuliko vyote, vilichukuliwa kutoka judo, mchezo ulioanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924 tu.

Kwa hiyo tunachokiita karate ya jadi kilitoka China kikafika Okinawa, kikatoka Okinawa kikafika Tokyo, na kila kilipopita kilivaa nguo za wenyeji. Nacho ni kitu cha watu walionyang'anywa ufalme wao, wakakihifadhi miilini mwao kile ambacho mtawala hakuweza kukitoza kodi. Mwafrika aliyepitia ukoloni hapaswi kukiona kitu hicho kuwa kigeni mno.

Wala haikutufikia kwa mkono wa Mjapani. Mwaka 1973 Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianzisha hapa Dar es Salaam mafunzo ya Goju-ryu ya Okinawa. Mahali pa mafunzo palikuwa Shule ya Sekondari ya Zanaki, na ukumbi ule ulipewa jina la Kiswahili: Hekalu la Kujilinda. Miaka hiyo ndiyo ambayo watu wengi wa asili ya Afrika kutoka Marekani walikuwa wakiiangalia Tanzania kama nyumbani. Mwaka uliofuata, Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika Wote ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, juu kidogo ya Mwenge. Tuitazame basi njia hii nzima: sanaa ya kisiwa kilichotawaliwa ilichukuliwa na mjukuu wa watumwa, akaileta katika bara la mababu zake, akaipa jina kwa Kiswahili. Ikiwa huo ni utumwa wa mawazo, basi hatujui uhuru wa mawazo una sura gani.

Mkao ni malezi

Sasa tuingie ukumbini, kwa sababu hoja yetu haisimami juu ya historia peke yake. Sinema ilitutangulia kuwafundisha vijana karate ni nini, na ilifundisha vibaya. Tangu filamu za Bruce Lee zilipojaza kumbi za Dar es Salaam katika miaka ya 1970, hadi vibanda vya video vya miaka iliyofuata, ambamo msimulizi aliyafasiri mapigano kwa Kiswahili cha mitaani, kijana ameamini kwamba karate ni teke la juu na ukelele. Akiingia kwa mwalimu wa kweli hukuta jambo jingine kabisa: anaambiwa asimame.

Anafundishwa mkao wa Sanchin. Miguu inaachana kwa upana wa mabega, kisigino cha mguu wa mbele kinalingana na vidole vya mguu wa nyuma, vidole vinaelekea ndani kidogo, magoti yanalegea, nyonga inavutwa chini, pumzi inashuka tumboni. Kisha anatembea hatua tatu mbele, polepole, huku mwalimu akimpiga kwa kiganja mabegani na mapajani kuona kama kuna mahali palipolala. Maana ya Sanchin ni mapambano matatu, na wengi huyafasiri kuwa ni ya mwili, ya pumzi na ya moyo. Tumbo, bega na jicho vinasema ukweli pale pale. Mtu hawezi kudanganya katika mkao huo.

Kuna mikao mingine. Upo mkao mpana wa Shiko, ambao humfanya mtu aonekane kama anayetaka kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, lakini ameambiwa asiiguse. Upo mkao wa paka, ambao karibu uzito wote hubebwa na mguu wa nyuma, ili wa mbele uwe mwepesi kuondoka. Upo mkao mrefu wa Zenkutsu, ambao goti la mbele hupinda na mguu wa nyuma hunyooka. Mitindo hutofautiana: wafuasi wa Shotokan husimama kwa urefu na kina zaidi, wafuasi wa Goju-ryu husimama juu na karibu zaidi, kwa kuwa wanafunzwa kupigana kwa masafa mafupi. Lakini katika mitindo yote mwalimu wa jadi hukubaliana na mwenzake juu ya jambo moja: mkono hauna nguvu isiyotoka ardhini.

Mikao hii ndiyo inayojenga kata. Neno hili kwetu lina maana ya eneo la utawala, na pia ya chombo cha kuchotea maji mtungini. Katika karate ni mfululizo uliopangwa wa kukinga, kupiga na kugeuka, ambao mtu huurudia peke yake mpaka mwili uukariri. Miyagi alitunga kata mbili za Gekisai mwaka 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Pigo la ngumi si tendo la kwanza la kata hiyo. Tendo la kwanza ni kukinga. Wanaosema kwamba karate inazaa wahuni watueleze ni uhuni gani huo unaoanza kwa kujikinga, na unaomtaka mhuni aje kwa wakati, afagie sakafu na arudie jambo moja mara mia kabla ya kuruhusiwa la pili. Mhuni hana subira hiyo. Angekuwa nayo, asingekuwa mhuni.

Hapa ndipo Mwenge inapotufunza tena. Mwanagenzi wa kinyago hakabidhiwi gogo la mpingo siku ya kwanza. Aghalabu huanza na msasa; hulainisha kazi ya mwingine mpaka vidole vyake vijue umbo kabla mkono wake haujashika tezo. Vilevile katika jando kijana hakupewa utu uzima kwa kuuomba. Alikaa, akafunzwa, akavumilia, kisha akatoka mbele ya watu akiwa na jina jipya. Leo jando katika mji huu, pale linapobakia, mara nyingi limekuwa ni shughuli ya hospitali ya asubuhi moja. Mafunzo yameondoka, kisu kimebaki. Tunauliza: kijana wa Mwenge wa miaka kumi na minne, ambaye hakukaa jandoni na hana fundi wa kumwanagenzisha, atafunzwa wapi kunyamaza, kungoja, kumheshimu aliyemtangulia na kumtunza anayemfuata? Dojo si jibu la yote. Lakini ni moja kati ya mahali pachache palipobakia ambapo mambo hayo bado yanafundishwa, tena kwa wasichana na wavulana katika mstari mmoja.

Salamu na dini

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi, nalo linatoka kwa wacha Mungu. Wanasema kwamba kuinama ni kuabudu, na kwamba Mwislamu au Mkristo hapaswi kuinama isipokuwa kwa Mwenyezi Mungu. Pingamizi hili hatulichezei.

Kwanza tuangalie yale yanayotendeka. Anayeingia dojo huvua viatu mlangoni. Hutoa ishara ya heshima kabla ya kukanyaga sakafu. Husimama katika mstari kwa kufuata aliyetangulia kujifunza, si kwa kufuata mali wala kabila. Hukaa kwa magoti, hufumba macho kwa muda, na kwa pamoja husemwa masharti ya ukumbi. Mwisho humshukuru mwalimu. Je, ni lipi geni hapo? Tangu lini Mswahili ameingia nyumba ya mtu na viatu, au bila kupiga hodi? Nani asiyejua kwamba mdogo humtangulia mkubwa kwa shikamoo, na mkubwa hulazimika kujibu marahaba? Katika sehemu nyingi za nchi yetu wanawake hupiga goti wanapowasalimu wazee, wala hakuna shehe au padri aliyeliita goti hilo ibada. Nia ndiyo inayotenganisha salamu na ibada.

Isitoshe, kuinama kwa dojo ni kwa pande mbili. Mwalimu naye huinama. Bingwa humwinamia aliyeanza jana, na wapiganao huinamiana kabla na baada ya kupigana, ili ieleweke kwamba aliye mbele yako ni mwenzako unayemkopa mwili wake kwa ajili ya kujifunza. Salamu ambayo mkubwa analazimika kuirudisha haiwezi kuwa utumwa.

Lakini tunawaunga mkono wacha Mungu katika jambo moja. Kama kuna ukumbi wenye madhabahu ya miungu ya Kijapani, au wenye kumlazimisha mtoto aiinamie picha ya marehemu, na wazazi wake wakachukizwa, basi kitu hicho kiondolewe. Karate haitapungua hata chembe. Tukumbuke pia kwamba katika miaka ya utawala wa kijeshi wa Japani sanaa za kupigana ziliingizwa katika kazi ya kuandaa vijana kwa vita, na si kila desturi iliyovaa joho la ukale inatoka kwa wazee wa Okinawa. Tupokee heshima, tusipokee ukaramba wa mtu mwingine.

Wauza mikanda

Tumewajibu walinda ua. Sasa tuwageukie wenye soko, ambao ndio hatari iliyo kubwa zaidi.

Anayefahamu soko la vinyago anaijua hila ya kiwi. Huchukuliwa mti mweupe, laini, usio na thamani. Huchongwa upesi upesi. Kisha hupakwa kiwi ya viatu na kung'arishwa mpaka ufanane na mpingo. Mtalii hununua, hufurahi, huondoka. Mwenye kujua hukwangua chini kwa ukucha, weupe ukaonekana. Au hukitia majini: mpingo halisi ni mzito kuliko maji, huzama, kilichopakwa kiwi huelea.

Hila hiyo imeingia katika karate. Wako watu wanaotoza ada ya mtihani kila baada ya miezi michache, na hakuna anayeshindwa, kwa sababu anayeshindwa halipi tena. Mikanda inabadilika rangi, picha zinapigwa, vyeti vinatolewa vyenye mihuri mikubwa na majina ya jumuiya za mbali, na mtoto wa miaka tisa anarudi nyumbani na mkanda mweusi ilhali hawezi kusimama katika Sanchin kwa muda wa pumzi kumi. Mzazi wa Mwenge, aliyeuza mbao au aliyeendesha bajaji kutwa ili apate ada ile, ameuziwa kiwi.

Wenye biashara hiyo hupenda kusema kwamba wanafuata jadi. Ni jadi ipi? Chojun Miyagi mwenyewe, mwasisi wa Goju-ryu, hakuwapa wanafunzi wake vyeo vya dani. Mkanda, kama tulivyokwisha kueleza, uliazimwa kutoka judo yapata karne moja tu iliyopita. Kwa hiyo katika mambo yote ya dojo, kile kinachouzwa zaidi ndicho kilicho kichanga zaidi, na kile kilicho kizee, yaani mkao, pumzi na kurudia, ndicho kisichouzika. Wahenga walikwisha kutuonya: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndugu zao wa karibu ni wale wanaoona kwamba karate ni medali tu. Hatuyadharau mashindano. Karate iliingia katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na ni jambo la kutafakari kwamba nishani ya dhahabu ya kata kwa wanaume ilichukuliwa na Ryo Kiyuna, mwana wa Okinawa. Lakini michezo ya Paris ya mwaka 2024 haikuwa na karate. Je, wale waliojifunza kwa ajili ya nishani peke yake wavue mavazi yao? Kitu kinachotegemea idhini ya kamati iliyo ng'ambo hakiwezi kuwa malezi ya taifa. Kijana aliyefunzwa kusimama ataendelea kusimama, kamati ipende isipende.

Lugha na urithi wetu

Limebaki sharti letu la pili, nalo ni lugha. Tumewasikia watoto wakihesabu kwa Kijapani mpaka kumi bila kosa, wakataja kila pigo kwa jina lake la Kijapani, lakini wakiulizwa pigo hilo ni la nini, hubaki wakitazamana. Huo si ujuzi, ni ukasuku. Hatusemi majina ya asili yafutwe. Majina ya kata ni kama majina ya watu, hayatafsiriwi, na mtu akisafiri yatamsaidia kuelewana na wenzake. Tunasema kwamba maelezo, masharti ya ukumbi na maana ya kila tendo vitolewe kwa Kiswahili. Lugha yetu haikosi maneno: tuna kukinga na kukwepa, tuna kuparaza, kupangua na kuviringa, tuna teke, ngumi, kiwiko na kiganja, tuna pumzi, kitovu na nyonga. Wale waliotutangulia mwaka 1973 waliweza kuita ukumbi wao Hekalu la Kujilinda. Itakuwa aibu sisi, baada ya nusu karne, turudi nyuma yao. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Walimu wa karate waliombe msaada, wala wasingoje kuombwa.

Tena karate itukumbushe deni letu wenyewe. Pwani tuna kirumbizi, ngoma ya watu wawili wanaoviziana kwa fimbo, mmoja akipiga na mwingine akikinga kwa kufuata mdundo. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hupigana kwa mapande ya migomba ili kuyatoa mafundo ya mwaka uliopita, kisha hupatana. Mambo haya yana mkao wake, yana salamu yake, yana adabu yake. Lakini ni nani aliyeyapanga hatua kwa hatua ili mtoto wa Temeke aweze kujifunza? Mwaka 1901 Anko Itosu aliiingiza sanaa ya wazee wake katika shule za Okinawa, baada ya kuipanga ifae watoto. Okinawa wakati huo haikuwa na uhuru. Sisi tunao. Wale wanaolalamika kwamba vijana wanakimbilia vya kigeni wangetumia nusu ya sauti yao kufanya kwa kirumbizi kazi aliyoifanya Itosu kwa karate, wangekuta kwamba vijana hawakukimbia, walikuwa hawajaitwa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, hatuna budi kutenda mambo manne. Kwanza, tuache kuuliza kitu kimetoka wapi, tuulize kinamfanya mtu wetu kuwa nani. Pili, karate isiachwe kuwa faili la michezo peke yake. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina haki ya kuangalia mashindano, lakini malezi ya ukumbini ni suala la utamaduni na litazamwe hivyo. Tatu, mkanda utolewe mbele ya mashahidi, na walimu wa kumbi nyingine wakiwemo miongoni mwao, kwa muda na kwa kazi, na pasiwe na ada inayomfanya mwalimu aogope kumwambia mwanafunzi kwamba bado. Nne, yote hayo yafanyike kwa Kiswahili, na yale tuliyojifunza kwa mgeni tuyatumie kuamsha yaliyolala nyumbani.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji auze. Mti wa mpingo huchukua makumi ya miaka kukomaa, na weusi wake uko moyoni, si ganda la nje. Hivyo ndivyo ilivyo sanaa yoyote inayostahili kuitwa yetu, iwe ilizaliwa Mueda, Naha au Makunduchi. Mwalimu anayemtaka mtoto wa Mwenge asimame wima, apumue na asubiri, anafanya kazi ya taifa hata kama hakuna aliyemwandika katika daftari lolote. Na yule anayempaka kiwi mtoto huyo na kumrudisha kwa wazazi wake kuwa ni mpingo, tumkwangue kwa ukucha mbele ya watu wote, bila ya kumwonea haya.